Mfasiri wa Osmo

Kumi na tatu.

Televisheni iliniletea tena kumi na tatu, tarakimu nyeupe juu ya buluu, na mimi nikabaki nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama mtu anayezuia meza isiondoke. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 1986. Nje, theluji iliyoanza kulainika ilikuwa ikiporomoka mapande mapande kutoka paa la jengo la jirani, na kila pande lilipotua chini nilishtuka.

Jibu lilipaswa kuwa saba. Nilijua ni saba kama ninavyolijua jina langu. Tarakimu ya mwisho ya namba ya ankara haiwezi kuwa kumi na tatu, kwa sababu kumi na tatu si tarakimu moja, ni mbili. Mtoto wa darasa la kwanza angeliona hilo. Mashine haikuliona. Na kaka yangu Osmo, ambaye joto la simu yake lilikuwa bado sikioni mwangu, alikuwa amenirudishia maneno yale yale aliyokuwa akinipa tangu mwezi wa kwanza.

"Mashine haina vidole, mdogo wangu. Makosa yanatoka kwenye vidole."

Hakujua amenichoma wapi. Vidole ndivyo nilivyokuwa navyo. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimekaa katika chumba cha kuingizia takwimu cha kampuni moja ya mbao hapa Kajaani, wanawake wanane mistari miwili, kila mmoja na kibodi yake, tukiandika hati za malori yote yaliyoshusha magogo mtoni: gari lipi, msitu upi, uzito gani, ankara namba ngapi. Mibonyezo elfu kumi na mbili kwa saa, bila kuangalia chini. Ukikosea namba ya ankara, mashine ilipiga mlio mkali. Mlio ukitoka upande wangu, wenzangu waliinua vichwa, kwa sababu haikuwa kawaida.

Mashine ya ofisini ilijua umekosea kwa hesabu ndogo ambayo sote tuliijua kwa moyo. Unaanza tarakimu ya kulia: unaizidisha kwa saba, inayofuata kwa tatu, inayofuata kwa moja, kisha saba tena, tatu, moja. Unajumlisha. Kinachopungua kufika kumi inayofuata, hicho ndicho tarakimu ya ukaguzi, ile inayokaa mwisho wa namba. Nilikuwa nikiipiga kichwani nikisubiri kahawa ichemke. Namba za simu za ndugu zangu, tarehe za kuzaliwa, namba za nyimbo ubaoni kanisani, zote nilishazipa tarakimu zao za ukaguzi.

Kwa hiyo nilipoamua programu yangu ya kwanza ya maana iwe ipi, sikufikiri mara mbili.

*

Habari yenyewe ilianza mwezi wa kumi na moja mwaka uliotangulia, alipoingia Bwana Lindroos, mkuu wa idara yetu, akasimama kati ya mistari miwili na karatasi mkononi. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye desturi ya kuzungumza akitazama dirisha. Alisema kuanzia vuli ijayo wapima mizigo wataandika takwimu wenyewe kule kule kwenye mizani. Chumba chetu kitafungwa. Zitakuwepo nafasi mbili katika kitengo cha kutengeneza programu, na zitatolewa kwa mtihani, mwezi wa tano, katika lugha ya Pascal.

"Tutafundishwa na nani?" aliuliza mmoja wetu.

"Mtajifunza wenyewe nyumbani," alisema Bwana Lindroos, akiliambia dirisha. "Siku hizi kompyuta za nyumbani zipo."

Alipotoka, hakuna aliyegusa kibodi. Marjut, aliyekaa kulia kwangu, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano na mwenye ulimi usiolala, akaniinamia. "Nane toa mbili, dada Tellervo. Hiyo naiweza hata bila mashine."

Krismasi nilijinunulia kompyuta. Ilikuwa boksi la rangi ya mkate wa shayiri, lililounganishwa na televisheni upande mmoja na kinasa kaseti upande mwingine. Ndani yake kulikuwa na lugha yake yenyewe, nyepesi, ya kufundishia watoto. Pascal haikuwemo. Ili mashine ikuelewe kwa Pascal ilibidi umpate mfasiri, ndivyo tunavyomwita kwa Kifini: programu inayosoma ulichoandika na kukigeuza kuwa lugha ya mashine. Bila mfasiri unaweza kuandika mpaka vidole vitoke damu, na mashine itakutazama tu.

Mimi na Marjut tulimchagua mfasiri wetu Alhamisi moja kwenye kantini, supu ya njegere ikipoa mbele yetu na gazeti la kompyuta likiwa limefunguliwa kati ya bakuli mbili. Matangazo yalikuwa matatu. Wa kwanza alikuwa wa mashine nyingine. Wa pili alikuja bila kitabu. Wa tatu alitoka kwa muuzaji wa Helsinki, kwa posta, ungoje wiki nne, na alikuja na kitabu cha maelekezo cha kurasa mia mbili.

"Huyu," nilisema. "Nataka mwenye kitabu."

"Na mimi huyo huyo," alisema Marjut. "Tukikwama, tukwame mahali pamoja."

Tukakata kuponi mbili kwa kisu cha siagi. Yangu niliijaza pale pale: jina, anwani, sahihi. Niliitia mkobani ili niipitishe posta Jumatatu.

Jumapili nilikwenda kwa Osmo, kama nilivyokwenda kila Jumapili.

Osmo alinizidi kwa miaka kumi na miwili. Baba alifariki nikiwa na minne, na tangu hapo Osmo ndiye aliyenifundisha kuteleza kwa ski, kuendesha baiskeli, kuogopa barafu ya mwezi wa nne. Dukani, muuzaji aliponiuliza nataka nini, Osmo alijibu. Alizoea kunijibia hata kabla sijaulizwa, na mimi nilizoea kungoja ajibu. Sasa alikuwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha karatasi, na mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, watu tisa waliokutana ukumbi wa zimamoto. Mkewe, Inkeri, alikuwa mtu wa kucheka bila sauti.

Tulikuwa tumetoka sauna, nywele bado mbichi, kahawa mezani. Nilimwonyesha kuponi. Aliisoma, akaiweka chini, akaifunika kwa kiganja.

"Unanunua kitu ambacho kaka yako anacho kabatini?"

"Wako ni huyu huyu?"

"Huyu huyu. Ila wangu ni mzuri zaidi."

"Mzuri vipi?"

"Mwepesi. Wao, kumpakia kutoka kwenye kaseti ni dakika nane. Wangu tano." Alisimama, akaenda kabatini, akarudi na kaseti iliyoandikwa kwa mwandiko wake mkubwa. "Na huhitaji kitabu. Una mimi."

Nilitaka kusema kwamba kitabu ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Lakini Inkeri alikuwa akikata keki ya iliki, bado ya moto, na nilijua kubishana na Osmo ni kazi ya alasiri nzima. Nikaichukua kaseti. Nyuma ya ile kuponi, kesho yake, niliandika orodha ya vitu vya dukani: hamira, kahawa, viazi.

Marjut alipeleka yake posta.

*

Mfasiri wa Osmo alipomaliza kujipakia, skrini iligeuka nyeusi, ukatoka muziki mfupi wa kengele, na nyota zikazunguka kisanduku kilichosema: KLABU YA KOMPYUTA KAJAANI. MFASIRI WA O. HEIKURA. KARIBU. Mara ya kwanza nilitabasamu. Mara ya mia nilikuwa naikunjia ngumi.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Nilijifunza kwa kitabu cha maktaba. Niliifanya mashine iandike jina langu, ijumlishe mbili na tatu, ipange herufi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nipate saa moja na nusu kabla ya kazi. Kisha nikaanza ile programu ya tarakimu ya ukaguzi.

Niliipa 12345. Ikajibu tatu. Sahihi. Nilipiga makofi peke yangu jikoni.

Niliipa 98765. Ikajibu kumi na tatu.

Nilidhani nimebonyeza vibaya, nikarudia. Kumi na tatu. Nikaipa nyingine, ndogo, ikajibu sawasawa. Nikaipa nyingine, yenye tisa na nane nyingi, ikajibu upuuzi. Nikafuta programu yote nikaandika upya. Upuuzi ule ule. Niliiandika kwa njia ya pili, na ya tatu, nikajaza daftari moja, nikaanza la pili. Mara nyingine mashine iliganda, ikabidi kuizima na kumpakia mfasiri tena, dakika tano, nyota na kengele, KARIBU. Nilikuwa namenya viazi nikimngoja. Nilimenya viazi vingi kuliko nilivyoweza kula.

Nilipoiamuru inionyeshe jumla kabla ya hatua ya mwisho, ilinipa hasi mia moja na kumi na tatu. Nilimpigia Osmo.

"Hasi? Basi umetoa mahali pa kujumlisha."

"Nimeangalia. Sijatoa popote."

"Angalia tena. Alama ni ndogo, macho yako yamechoka."

Niliitafuta alama hiyo ya kutoa kwa wiki mbili. Niliitafuta kwa rula, mstari kwa mstari. Nilianza kuiona mahali isipokuwepo. Jumapili moja nilimpelekea daftari. Alilifungua akiwa amesimama, akageuza kurasa mbili, akanirudishia. "Mbona ndefu hivi? Mtu anayejua angeandika nusu ya hii."

Hapo kuna jambo ambalo mpaka leo, nikiwa mzee wa miaka themanini na kidogo, linanikera kuliko mengine. Ofisini nilikuwa mtu ambaye mashine ilimwamini. Nyumbani, ndani ya wiki kadhaa, nikawa mtu asiyejiamini kuhesabu. Nilianza kuhakiki kwa penseli ile hesabu ya saba, tatu, moja. Na mwezi wa tatu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mlio mkali ulitoka upande wangu mara nne siku moja. Wenzangu waliinua vichwa mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu na ya nne walijifanya hawakusikia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Marjut aliniuliza, "Unaendeleaje na ya kwako?"

"Vizuri," nilisema.

Jumapili ile ya jibu la mwisho la kumi na tatu, nilizima mashine saa nne asubuhi. Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Lindroos kabla sijavua koti.

"Naomba uliondoe jina langu kwenye orodha ya mtihani."

Akageuka kutoka dirishani. "Una hakika, Bibi Heikura? Orodha inakwenda makao makuu leo kwa posta ya mchana."

"Mashine ina hakika," nilisema.

Alichukua rula, akaiweka chini ya jina langu, akapiga mstari mmoja ulionyooka. Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru.

*

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Marjut kumpa madaftari yangu na kitabu cha maktaba, kwa kuwa mimi sikuvihitaji tena. Aliishi ng'ambo ya mto, chumba kimoja na jiko, na kompyuta yake, sawa kabisa na yangu, ilikuwa juu ya ubao wa kupigia pasi. Kando yake kulikuwa na kitabu cha kurasa mia mbili, kimechakaa tayari, kimejaa vipande vya karatasi.

Alifungua daftari langu la pili akaanza kusoma, akitafuna mkate.

"Dada, mbona hii imekaa vizuri hivi? Yangu ni kama sanduku la nyuzi."

"Haifanyi kazi."

"Nani kasema?"

Hakungoja jibu. Aliweka mkate chini akaanza kuinakili kwenye mashine yake, vidole vikienda kwa kasi yetu ile ya ofisini. Nilisimama nyuma yake nikiwa na koti mwilini. Nilitaka kuondoka kabla jibu halijatoka.

"Nipe namba."

"Tisa nane saba sita tano."

Saba.

"Rudia," nilisema.

Saba.

Nilivuta kiti. Nikamtoa Marjut mbele ya kibodi bila hata kumwomba radhi, nikaipa namba nyingine, na nyingine, zile zote zilizokuwa zikiniumiza, nilizijua kama mtu anavyojua meno yake mabovu. Zote zilirudi sahihi. Sikufurahi. Nilizirudia tena tangu mwanzo, na Marjut akasoma majibu juu ya bega langu.

"Programu yako ni nzima," alisema mwishowe, taratibu. "Ilikuwa nzima siku zote."

"Juzi nimejitoa."

"Umejitoa wapi?"

Nilipomwambia, aliketi kitandani. "Ah, dada," alisema. "Ah, dada. Kwa nini hukuja kwangu?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikavuka daraja, upepo wa mtoni usoni. Nilimpakia mfasiri wa Osmo mara moja zaidi. Sikuandika programu kubwa. Niliandika mistari mitatu tu, ya kuhesabu kwenda juu na kuonyesha kila namba. Mia moja ishirini na tano. Mia moja ishirini na sita. Mia moja ishirini na saba. Hasi mia moja ishirini na nane.

Ndiyo hiyo tu. Mfasiri hakujua kwamba dunia inaendelea baada ya mia moja ishirini na saba. Kwa ile 98765 nilikuwa nimemwomba anijumlishie mpaka mia moja arobaini na tatu.

*

Kesho yake, Jumapili, nilimkuta Osmo bandani, ananoa kekee ya kutobolea barafu. Ulikuwa msimu wa kuvua kwenye ziwa lililoganda, na alikuwa na miadi na wenzake saa sita. Sikumsalimu.

"Kaka, mfasiri wako anajua kuhesabu mpaka ngapi?"

Tupa iliendelea kwenda na kurudi juu ya chuma. "Mia moja ishirini na saba," alisema, bila kuinua kichwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilidhani atakataa, nilidhani atashangaa. Sikujiandaa kusikia kwamba alijua.

"Wa Marjut anakwenda mpaka elfu thelathini na zaidi."

"Ndiyo. Huyo ni mzima. Mimi nilimpunguza."

"Ulimpunguza?"

"Nafasi ilikuwa ndogo, Tellervo. Ilibidi nitoe vitu ili viingie vingine."

"Viingie vitu gani?"

Hapo ndipo alipoitazama kekee kwa makini, kana kwamba imemuuliza yeye. "Ile salamu," alisema. "Na muziki."

Yeye akaendelea haraka, kwa sauti yake ya mwenyekiti. "Na nani pale klabuni anahitaji zaidi ya mia moja ishirini na saba? Wanatengeneza michezo. Maisha matatu, risasi ishirini. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Ungeniambia."

"Hukuuliza."

"Nilikuuliza kila Jumapili tangu mwezi wa kwanza!"

"Uliniuliza wewe umekosea wapi." Sasa aliinua kichwa. "Hukuniuliza hata mara moja mashine imekosea wapi."

Nilitamani kumtupia kitu. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kopo la misumari. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa amesema kweli, na hakujua ni kweli gani. Kwake ilikuwa njia tu ya kujitoa kwenye mtego.

"Nimeondoa jina langu kwenye mtihani," nilisema. "Jumatatu."

Tupa ikasimama. Niliona uso wake ukibadilika polepole, jinsi dirisha linavyobadilika ukungu ukianza kuyeyuka. Aliweka kekee chini. Alijifuta mikono kwenye suruali, kulia, kushoto, kulia.

"Nitakwenda kuongea na huyo Lindroos kesho," alisema. "Nitamweleza."

"Hapana."

"Atanisikiliza, mdogo wangu. Mimi najua namna ya—"

"Hapana, Osmo. Hutaniongelea tena. Kwa mtu yeyote."

Sikuwahi kumwita kwa jina bila kutanguliza kaka. Inkeri alikuwa amefika mlangoni na chupa ya chai ya safarini. Alisimama pale pale, akageuka akarudi ndani.

*

Nilikwenda mwenyewe. Bwana Lindroos alinisikiliza mpaka mwisho, hasi mia moja ishirini na nane na yote. Alisema orodha ilishafika makao makuu na haifunguliwi. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika.

"Naweza kukaa tu kwenye chumba cha mtihani siku hiyo?" nilimuuliza. "Nipewe karatasi kama wengine."

"Haitasahihishwa, Bibi Heikura."

"Sijaomba isahihishwe."

Mtihani ulifanyika kantini, Alhamisi ya katikati ya mwezi wa tano. Nje miti ya mibetula ilikuwa imeanza kuchipua. Nilikaa meza ya nyuma. Muda wa saa tatu, maswali manne, kalamu na karatasi, bila mashine. Wiki nane nilikuwa nimejifunza kwa mfasiri wa Marjut, Jumanne na Jumamosi, kwenye ubao wa pasi. Swali la mwisho lilitaka programu ya kusoma hati za malori za siku nzima na kutoa wastani wa uzito wa mzigo. Nilicheka kwa pua. Hati hizo zilikuwa maisha yangu. Niliandika mpaka kengele.

Nafasi moja aliipata Marjut, ya pili mwanamke wa mstari wa mbele. Marjut hakuweza kunitazama kwa wiki nzima. Kisha siku moja alisimama mbele ya kibodi yangu akasema, "Nitukane basi, tumalize," nami nikamwambia sina tusi la kumtosha, na tukaenda kunywa kahawa. Lakini uongo haufai hapa: iliniuma. Nilipomsikia akicheka kule kitengo cha programu, ghorofa ya pili, iliniuma.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi idara ya maji ya mji wa Oulu, na programu zangu zilihesabu maji ya watu kwa miaka kumi na minane. Ningeweza kusema basi yote yalikwisha salama. Sisemi hivyo. Miaka miwili ile niliipitisha nikifunga mikate kwenye karatasi katika duka la mkate, na mtu wa miaka arobaini na mbili hana miaka miwili ya ziada kabatini.

Siku yangu ya mwisho ofisini ilikuwa ya mwezi wa tisa. Tulikuwa tumeshaziondoa kibodi, na mezani palibaki madoa meupe pale zilipokaa. Bwana Lindroos aliniletea bahasha ya kahawia. Ndani mlikuwa na karatasi yangu ya mtihani. Ilikuwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, swali kwa swali, na chini palikuwa pameandikwa: Hakuna kosa.

"Niliisahihisha wiki ile ile," alisema. "Kwa alama ilikuwa ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ingekusaidia nini?"

Alisubiri. Nadhani alitegemea shukrani. Mimi sikujua kama nimpe mkono au nimtupie bahasha, nikaishia kuikunja mara mbili na kuitia mfukoni, nikatoka.

Miguu ilinipeleka kwa Osmo. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu siku ile ya bandani. Inkeri alifungua mlango, akanitazama, akaenda moja kwa moja kuweka birika motoni. Osmo alikuwa mezani. Alikuwa amekonda. Niliiweka karatasi mbele yake.

Alivaa miwani. Alianza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kidole kikitembea pembeni. Alisoma kama watu wanavyosoma barua kutoka kwa wakili. Kahawa ilikuja, ikapoa. Inkeri alikaa nasi, akatuacha, akarudi. Osmo alipofika penye wino wa Lindroos, Hakuna kosa, alipita hapo bila kusimama, akarudi juu, kwenye lile swali la malori, akasoma tena. Kisha kidole kikatulia.

"Hapa," alisema.

"Hapa nini?"

"Unagawanya uzito wote kwa idadi ya malori." Hakuwa na sauti ya mwenyekiti. Alikuwa kama anayeniomba ruhusa. "Na kama siku hiyo halikuja lori hata moja? Sikukuu, kwa mfano. Utagawanya kwa sifuri, mdogo wangu. Itaanguka."

Nilivuta karatasi. Niliutazama mstari ule muda mrefu, nikitafuta namna ya kumkatalia, nikaupitia kutoka juu, nikaupitia kutoka chini. Namna haikuwepo. Lindroos hakuliona, mimi sikuliona.

"Penseli iko wapi?" nilisema.

Aliniletea. Niliongeza mstari mmoja, kwa herufi ndogo, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Osmo alisogeza kiti chake karibu ili aone ninavyoandika, na Inkeri akamwaga kahawa iliyopoa, akatumiminia nyingine.